UZI: Yuri Shchekochikhin, mhariri aliyefuata mzigo wa samani hadi mlangoni kwa wakubwa

Kibatari (mwanzisha uzi):

Wakuu, salamu zenu. Kwenye uzi wa Anna Politkovskaya, yule mwandishi wa Urusi aliyeuawa 2006, niliahidi kumleta mkubwa wake mmoja wa kazini ambaye wengi hapa hawamjui, kisha nikapotea. Leo mvua imenifungia ndani tangu alfajiri na umeme upo, kwa hiyo tukae.

Jina lake Yuri Shchekochikhin. Usijiumize ulimi bure. Wenzake walilikata wakamwita Shchekoch, mimi nitamwita Yuri basi. Alikuwa mwandishi wa habari za uchunguzi, naibu mhariri wa Novaya Gazeta ya Moscow, na papo hapo mbunge. Alifariki Julai 3, 2003 akiwa na miaka 53. Mwanzoni mwa Juni alikuwa mzima wa afya.

Naomba nitangulize jambo moja ili tusije tukagombana mbele ya safari. Sitamtaja muuaji, wala sitaapa kwamba aliuawa. Nitawasimulia habari za makaratasi: hati za forodha, barua za mbunge, hukumu, na mwisho faili la mgonjwa. Mwenye haraka ya kusikia habari za sumu aruke hadi sehemu ya nne, ila atakuwa amekula ukoko akaacha wali.

Chokochoko:

Nimevuta kiti mkuu. Shusha.

Kibatari:

SEHEMU YA KWANZA

Alizaliwa Juni 9, 1950 Kirovabad, mji ambao leo unaitwa Ganja, Azerbaijan. Akakulia kwenye uandishi kabisa: ana miaka 17 tu tayari anaandikia gazeti la vijana la Moskovsky Komsomolets. Chuo, Kitivo cha Uandishi wa Habari cha Chuo Kikuu cha Moscow, alikimaliza 1975 huku kazi akiwa nayo.

Miaka ya 70 alikuwa Komsomolskaya Pravda, akisimamia ukurasa wa vijana wadogo ulioitwa Tanga Jekundu. Watoto wa shule nchi nzima walikuwa wanamwandikia barua. Sasa fikirieni: nchi ambayo kila gazeti linasema mambo ni shwari, wewe mezani kwako unamwagiwa kila siku barua za watoto wanaoeleza nyumbani kuna nini, mtaani kuna nini, mwalimu kafanya nini. Mimi naamini uchunguzi wake ulianzia pale, kabla hata hajaitwa mchunguzi. Magenge ya vijana aliyajua kwa kusoma barua na kwenda kuwatafuta wenyewe, hadi akaandika tamthilia juu yao ambayo ilichezwa jukwaani.

Mwaka 1980 akahamia Literaturnaya Gazeta, gazeti la Umoja wa Waandishi. Jina lina harufu ya mashairi, lakini kurasa zake za ndani zilikuwa na habari za mahakamani na za maisha ya watu ambazo magazeti mengine yasingeruhusiwa. Huko akawa mkuu wa idara ya uchunguzi.

Julai 1988 ndipo alipolipua bomu lake. Alimhoji Alexander Gurov, luteni kanali wa polisi aliyekuwa akitafiti uhalifu ndani ya taasisi ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kichwa cha habari kwa Kiswahili ni kama “Simba ameruka”. Gurov alisema wazi kwamba ndani ya Umoja wa Kisovieti kuna mafia, na kwamba mafia hiyo imeshikana mikono na watu wa serikali. Leo utasema, kwani hilo ni habari? Wakati ule msimamo rasmi ulikuwa kwamba mafia ni ugonjwa wa mabepari, Italia na Marekani huko. Gazeti lenyewe lilikuwa linachapa mamilioni ya nakala. Na Gurov badala ya kufukuzwa, baadaye akapewa kuongoza idara mpya ya kupambana na uhalifu huohuo.

BintiSaadani:

Kaka, Gurov alikubalije kuongea akiwa na magwanda? Kwetu msemaji wa polisi tu kukutajia idadi ya ajali ni kazi.

Kibatari:

Dada, ni kipindi cha Gorbachev hicho, kiongozi wa mwisho wa Kisovieti. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na hakuna aliyejua utafungwa lini, kwa hiyo wenye la kusema walikuwa wanasema mbio mbio.

SEHEMU YA PILI

Ule mlango ndio uliomwingiza Yuri kwenye siasa. Uchaguzi wa wajumbe wa bunge jipya la Kisovieti ulipokuja, akachaguliwa kupitia Voroshilovgrad, ambayo ndiyo Luhansk ya Ukraine ya leo. Nchi ikavunjika 1991. Mwaka 1995 akaingia Duma, bunge la Urusi, kwa tiketi ya chama cha Yabloko, na akarudi tena 1999. Alikaa kwenye kamati ya usalama, akaipinga waziwazi vita ya Chechnya, jimbo la Urusi lililotaka kujitenga.

1996 akajiunga na Novaya Gazeta. Hili gazeti lilianzishwa 1993 na waandishi waliojitoa Komsomolskaya Pravda, Dmitry Muratov, aliyekuja kuwa mhariri mkuu, akiwamo. Kompyuta zao za kwanza zilitokana na fedha za Nobeli ya Gorbachev, na hilo Muratov hachoki kulisimulia. Yuri akawa naibu mhariri na mkuu wa uchunguzi.

Hapa ndipo kofia mbili zilipokutana. Urusi mbunge ana haki ya kuandika barua rasmi kwa ofisi yoyote ya umma, na ofisi lazima imjibu. Mwandishi wa kawaida akiuliza anaambiwa “njoo kesho”. Mbunge akiuliza, kunatoka karatasi yenye namba, tarehe na saini. Hata ikiwa jibu lenyewe ni porojo, ni porojo iliyosainiwa. Yuri anaandika kama mbunge, anajibiwa kama mbunge, halafu anakwenda gazetini kuichapa kama mhariri. Msomaji anawekewa swali hapa na jibu pale, aone mwenyewe mkubwa anavyokwepa.

Kuna watakaosema ni mgongano wa maslahi, na kwenye darasa la maadili ningenyoosha mkono kukubali. Ila kwa mazingira yale, sijui ungeitoa vipi tena ile karatasi.

Msovieti:

Kibatari, umenigusa. Nilisoma Moscow, pale chuo cha Patrice Lumumba, nilifika 2001. Novaya ilikuwa inauzwa kwenye vibanda vya metro, karatasi mbaya, wino unabaki vidoleni. Kirusi changu kilikuwa cha kuombea mkate, lakini mwenzangu wa chumba alikuwa anainunua kila inapotoka na kuisoma kwa sauti akiwa amekasirika. Jina la Shchekochikhin nimelisikia kwa njia hiyo.

Kibatari:

Msovieti, usiende mbali. Sehemu inayofuata ni ya kwako.

SEHEMU YA TATU: NYANGUMI WATATU

Agosti 2000 watu wa forodha walinasa mzigo wa samani kutoka nje. Samani tu wakuu: makochi, vitanda, makabati. Mzigo ulikuwa unaelekea kwenye maduka makubwa mawili ya samani nje kidogo ya Moscow. Moja linaitwa Grand, jingine Tri Kita, maana yake Nyangumi Watatu. Hati zilikuwa zimechezewa ili ushuru uwe kiduchu.

MzeeWaMakasha:

Samahani kudakia. “Nyangumi watatu” ni ile imani ya wazee wao kwamba dunia imebebwa na nyangumi? Maana bibi yangu Bagamoyo alituambia imebebwa na ng'ombe aliyesimama juu ya samaki, na akihamisha mzigo pembe hii kwenda pembe ile ndipo ardhi inatetemeka.

Kibatari:

Ndiyo hiyo hiyo mzee wangu! Na bibi yako angeielewa kesi hii kuliko sisi, maana palipoguswa pale kila kitu kikatetemeka.

Faili lilimwangukia mpelelezi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, Pavel Zaitsev. Akafanya upekuzi, akakamata watu, akaanza kupanda ngazi kutoka kwenye duka kwenda kwa wanaolilinda duka. Kabla mwaka 2000 haujaisha, Ofisi ya Mwendesha Mashtaka Mkuu ikalichukua faili mikononi mwake. 2001 kesi ikafungwa. Halafu, mshike vizuri viti vyenu, akashtakiwa Zaitsev. Kosa: kuvuka mamlaka yake katika upekuzi na ukamataji.

Yuri akaliona hilo na akakataa kuliachia. Swali lake lilikuwa rahisi kama la mtoto: kesi ya makochi inahitaji ofisi kubwa namna ile kwa nini? Akaandika toleo baada ya toleo, barua baada ya barua, akidai nyuma ya samani kuna maofisa wa idara ya usalama, FSB, na watu wa mashtaka, na kwamba fedha zilipitia benki za nje.

Zaitsev akaachiwa huru na Mahakama ya Jiji la Moscow 2002. Mahakama ya Juu ya nchi ikatengua, kesi ikaanza upya 2003 mbele ya jaji mwingine, Olga Kudeshkina. Huyu mama alisema hadharani kwamba alishinikizwa na mkubwa wake ahukumu wanavyotaka. Akaondolewa kwenye kesi, na 2004 akavuliwa ujaji kabisa. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema Urusi ilimkosea. Zaitsev mwenyewe kwenye raundi ile ya pili akapewa miaka miwili ya kifungo cha nje.

Na Mei 2003 shahidi muhimu, Sergei Pereverzev, aliyekuwa kiongozi wa umoja wa wafanyabiashara wa samani, alipigwa risasi akiwa hospitalini, kitandani. Narudia, kitandani hospitalini.

MzeeWaMakasha:

Mimi nimekula chumvi bandarini miaka ishirini na tatu kama wakala wa kutoa mizigo, ngoja niwaeleze kwa nini samani. Kochi ni kubwa ila halina uzito wa kutisha, na bei yake hakuna anayeijua kwa macho. Simu ina modeli, gari lina mwaka, kila kitu kiko kwenye mfumo. Kochi la ngozi halisi na la ngozi bandia, ofisa aliyesimama juani mbele ya kontena atatofautisha kwa kulinusa? Ankara ikisema ni la bei chee, limekuwa la bei chee. Ukishusha thamani kwenye kontena moja umepata hela ya kula. Ukishusha kwenye makontena mia, kuna mtu ndani anakufungulia geti, hilo halina mjadala. Kwa hiyo huyo Zaitsev alipokamata mzigo, alijua anayetafutwa hayuko kwenye lori.

Msovieti:

Grand ndilo duka la kwanza nililoliona Urusi! Ukitoka uwanja wa Sheremetyevo kwenda mjini unapita Khimki, lile hapo kandokando ya barabara kuu ya Leningrad, jengo kama hangari ya ndege. Nilikuwa natetemeka kwa baridi na koti la mtumba nililonunua Karume, nikasema hawa watu wana makochi mangapi?

Chokochoko:

Koti la Karume kwa baridi ya Moscow 😂 mzee ulikuwa shujaa.

Kibatari:

SEHEMU YA NNE

Twende taratibu hapa. Mwaka 2003 Yuri alikuwa na moto wa pili mkononi. Alikuwa mjumbe wa tume huru chini ya mtetezi wa haki za binadamu Sergei Kovalev iliyokuwa ikichunguza milipuko ya majengo ya makazi ya Septemba 1999, ile iliyoua mamia na kutangulia vita ya pili ya Chechnya. Mjumbe mwenzake, mbunge Sergei Yushenkov, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Aprili 17, 2003. Hesabuni: Aprili Yushenkov, Mei Pereverzev.

Katikati ya Juni Yuri akasafiri kikazi kwenda Ryazan. Akarudi anaumwa. Koo, homa, mwili unawaka, kila mtu akadhani mafua. Siku chache baadaye ngozi ikaanza kumtoka vipande, nywele zikanyonyoka. Akapelekwa Hospitali Kuu ya Kliniki, ile ya wakubwa wa serikali. Viungo vikazima kimoja baada ya kingine, akaingia kwenye mashine, akapoteza fahamu. Julai 3 akafa. Alikuwa amepanga kusafiri kwenda Marekani kukutana na wapelelezi wa FBI kuhusu njia ya zile fedha.

Utambuzi rasmi: sindromu ya Lyell, yaani mwili kukataa kitu fulani kwa ukali wa kupindukia. Kitu gani, hakikusemwa. Familia ikaomba faili la matibabu. Ikanyimwa. Ikaambiwa ni siri ya kitabibu, wao, ndugu wa damu. Novaya wakasema tangu siku hiyo kwamba mwenzao amelishwa sumu.

TabibuWaZamu:

Naomba niingie kwa heshima, maana hapa watu wataruka moja kwa moja kwenye sumu. Mimi ni tabibu, na Lyell nimeiona kwa macho, si kitabuni. Mgonjwa alitumia Septrin. Siku ya kwanza homa na macho mekundu, ndugu wakadhani malaria. Siku ya nne ngozi ya mgongo ilibaki kwenye shuka tulipomgeuza. Unamhudumia kama mtu aliyeungua moto: maji, usafi, dawa ya maumivu, na kusali. Wengine wanapona, wengine hawaponi. Kwa hiyo madaktari kuandika Lyell si uongo lazima. Picha aliyoeleza Kibatari inaingia.

Lakini sasa, ugonjwa huu karibu kila mara una mwanzishaji, na mara nyingi ni dawa. Daktari yeyote mbele ya Lyell swali lake la kwanza ni “alimeza nini, siku gani?” Jibu liko kwenye karatasi mbili: historia ya mgonjwa ya siku ya kulazwa na chati ya dawa. Kama alipewa dawa tarehe fulani na vidonda vikatokea kabla ya hapo, umeiondoa dawa. Kama vilitokea baada, umeipata. Mimi faili hilo ukinipa kwa dakika kumi, nitakuambia mengi kuliko uchunguzi wa mwaka mzima. Na ndiyo maana kulificha kunanikera kuliko neno sumu lenyewe.

BintiSaadani:

Tabibu, je kuna sumu inayoweza kufanana na hiyo?

TabibuWaZamu:

Dada, zipo sumu zinazonyonyoa nywele na kuua mafigo, ndiyo. Mwaka 2006 London Alexander Litvinenko, ofisa wa zamani wa FSB, alinyonyoka nywele kwa poloniamu, sumu ya mionzi, dunia nzima iliona picha. Lakini kufanana si ushahidi. Bila sampuli na bila faili, mimi nitanyamaza.

Chokochoko:

Tabibu acha ustaarabu bana. Mtu anafuatilia FSB, wenzake wawili wamepigwa risasi, yeye anavuliwa ngozi mwezi unaofuata, bado unataka chati ya dawa?

TabibuWaZamu:

Ndiyo, bado naitaka.

Kibatari:

Nakubaliana na Tabibu, na nadhani hata Yuri angekubaliana naye, maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Alipoambiwa “kila mtu anajua nani analinda lile duka”, alikwenda kutafuta karatasi.

Nimalizie yaliyofuata. Wenzake hawakuacha. Aprili 2008 wapelelezi wakafungua rasmi kesi ya jinai juu ya kifo chake, miaka karibu mitano baadaye. 2009 ikafungwa, wakisema hakuna dalili kwamba alikufa kwa mkono wa mtu.

Ile ya samani nayo ikafufuka. 2006 maofisa kadhaa wa juu wakaachishwa kazi na mwenye Tri Kita, Sergei Zuev, akakamatwa. 2010 akahukumiwa miaka 8. Kwa hiyo makochi yalikuwa ya magendo kweli, mahakama ya Urusi yenyewe imesema. Wale wa juu ya Zuev, ambao Yuri alikuwa akiwaandikia barua, ngazi ile kesi haikuipanda.

Novaya wakaendelea kuzika. Kabla ya Yuri alikuwa Igor Domnikov, aliyepigwa nyundo kwenye mlango wa jengo lake mwaka 2000. Baada yake Politkovskaya, Oktoba 7, 2006. Januari 2009 wakili wao Stanislav Markelov na binti mwandishi Anastasia Baburova, mtaani, mchana. Julai mwaka huohuo Natalia Estemirova, mtetezi wa haki za binadamu wa Chechnya aliyekuwa akiwaandikia. Muratov alipopewa Nobeli ya Amani 2021 alisema tuzo ni ya hao, akawataja majina mmoja mmoja, Yuri yumo. Medali yenyewe aliipiga mnada New York Juni 2022 kwa dola milioni 103.5, zikaenda UNICEF kwa watoto waliokimbia vita ya Ukraine. Gazeti wakati huo lilikuwa limesimamisha uchapaji tangu Machi, na Septemba mahakama ikafuta leseni yake.

BintiSaadani:

Alizikwa wapi?

Kibatari:

Peredelkino dada, kijiji cha waandishi nje ya Moscow.

MzeeWaMakasha:

Kibatari, swali la mwisho halafu nikalale. Huyo Zaitsev, mpelelezi, aliwahi kurudishiwa heshima yake? Maana mimi namfikiria yeye. Kijana kakamata kontena kihalali, kaishia kizimbani mwenyewe. Kwenye kazi yetu watu wa namna hiyo nimewaona wawili, wote wanafuga kuku sasa.

Kibatari:

Mzee, hukumu ya kifungo cha nje ilibaki kwenye jina lake, halafu kesi aliyoianzisha ikaja kumfunga mtuhumiwa wake mwenyewe miaka saba mbele. Hilo sijui uliite nini.

Msovieti:

Nilirudi nyumbani 2006. Njiani kwenda uwanjani tukapita tena Khimki. Grand lilikuwa wazi, taa zote zinawaka, na kwenye ukuta wametundika bango refu kama jengo lenyewe: punguzo la bei, sofa.